Chungwa na Moyo wa Nge

Jumatatu, 31 Julai 2023

Tangazo limebandikwa mlangoni mwa posta. Wanatafuta mtu mmoja wa kuongoza wageni kule mlimani kwenye darubini. Awe mkazi wa Vaalkloof. Ajue habari za nyota. Asiogope kusema mbele za watu. Umri usizidi miaka arobaini na mitano.

Nimelisoma mara tatu, na baridi yote ile. Mimi nina arobaini na mitano. Novemba natimiza arobaini na sita. Kwa hiyo ni sasa au basi.

Miaka kumi na mmoja nafanya usafi kwenye hosteli ya wataalamu. Na ninaufanya kwa soksi! Wao hukesha na nyota, mchana wanalala, mapazia meusi yameshushwa. Sisi tunatembea bila viatu. Hatuwashi mashine ya vumbi kabla ya saa kumi jioni. Hata kukohoa tunatoka nje. Miaka kumi na mmoja ya kunong'ona. Nimechoka kunong'ona.

Nimemwambia jirani yangu Antie Sofie. Akauliza mimi na nyota wapi na wapi, si ninawatandikia vitanda tu? Nikamjibu: huyu anayewatandikia vitanda ndiye anayewauliza maswali wakiamka. Alicheka mpaka meno yake ya bandia yakacheza. Acheke. Kazi naiomba.

Jumanne, 1 Agosti

Nimepeleka fomu. Msichana wa mapokezi alidhani nimeleta ya kazi ya usafi. "Ya usafi bado, mama. Mwezi ujao." Nikamwambia ya usafi ninayo tayari, asante. Akasoma tena. Nyusi zikapanda. Sawa tu, zitashuka.

Usaili ni Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 12, saa nne asubuhi. Kila mtu anachagua mada yake na mahali pake, mradi iwe humu mjini. Dakika ishirini, bila karatasi. Watakuja watu watatu kusikiliza, mkubwa wao Bibi Swanepoel wa ofisi ya utalii, pamoja na bwana mmoja wa kule mlimani na dada mmoja wa manispaa. Tuko waombaji wanne. Marvin Esau naye yumo — ana diploma ya Cape Town na kompyuta yenye picha zinazozunguka. Kijana wa miaka ishirini na minne! Anayo miaka mingine ishirini ya kujaribu. Mimi ninayo Jumamosi moja.

Mada sina.

Alhamisi, 3 Agosti

Mada ninayo!

Saa kumi Dkt. Molapo wa chumba namba sita alikuwa jikoni, macho bado yamevimba kwa usingizi, anakunywa chai yake ya kuamkia. Nikamuuliza nyota kubwa kabisa ni ipi. Naye akaniuliza mimi nadhani ni ipi. Nikasema jua, maana ndilo pekee linalochoma mgongo. Akacheka, lakini si kwa dharau. Jua ni la kawaida tu, akasema. Ukilipima kwa dunia zetu, unazipanga mia moja na tisa kwenye mstari ndipo utoke ukingo mmoja hadi wa pili. Hapo mimi tayari nilishatosheka. Kumbe bado! Ile nyekundu inayokaa utosini jioni hizi, Moyo wa Nge, wenyewe wanaiita Antares. Hiyo unapanga majua. Mia saba.

Kijiko kikaniponyoka. "Shhh!" tukaambiana sote wawili, mtu asiamke.

Nikauliza imekuwaje ikawa hivyo. Uzee, akasema. Nyota ikizeeka inavimba. Na ndani ni nyepesi mno, uzito wake haufiki hata majua ishirini. Mwenzake wa chumba namba nane akaingia akadakia kwamba si mia saba kamili, vipimo vinapishana, na ukingo wenyewe hauonekani vizuri. Wakaanza kubishana, mikate mkononi. Nikawaacha. Mimi nimeshika mia saba yangu, naondoka nayo.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimefanya jaribio kwa Antie Sofie, jikoni kwangu. Nimesimama wima, mikono nyuma, nikamwaga namba zote. Akapiga miayo. "Mia saba, elfu saba, kwangu mimi zote ni nyingi tu, Katrien. Una kahawa?"

Nilikasirika. Kisha nikaona kwamba ana haki. Namba haina upana. Haimwingii mtu akilini hata akiisikia mara kumi.

Mezani palikuwa na chungwa. Nikachukua rula ya cherehani nikalipima: sentimita saba. Nikaandika nyuma ya bahasha. Saba mara mia saba. Mita arobaini na tisa! Nikamwambia Sofie: kama jua letu ni hili chungwa, basi Moyo wa Nge unaanzia hapa kwenye jiko langu, unavuka ua, unavuka barabara, unapita nyumba yako, unaishia nyuma ya banda lako la kuku.

Akanyamaza. Sofie, kunyamaza! Halafu akaenda mlangoni kuangalia banda.

Basi nimejua. Sitawaeleza wale watu watatu. Nitawatembeza. Chungwa katikati, duara la mita arobaini na tisa kwa upana, wazunguke kwa miguu yao mpaka waelewe. Marvin na picha zake atafute pa kuziweka.

Nimemwomba Pa anichoree duara. Baba yangu ana miaka sabini na minne, na hamsini kati ya hiyo ameimaliza akijenga nyua za waya kwenye mashamba yote ya huku. Nyota hazimshughulishi. "Nyota haizuii kondoo," ndiyo kauli yake. Lakini nilipotaja kigingi na waya, sikio lilisimama.

"Duara tu? Hilo si kazi. Wewe nipe namba."

Jumapili, 6 Agosti

Baada ya ibada nimemwomba shemasi uwanja wa zamani wa mnada wa kondoo. Amekubali. Nimeomba na mawe. Kila nyumba mtaani kwetu ina mawe yake yaliyopakwa chokaa, ya kupanga langoni na njiani. Nimeomba kila nyumba iniazime kumi, kwa wiki moja. Nyumba thelathini, mawe mia tatu, jiwe kila nusu mita hivi. Nimepiga hesabu mara mbili, na inafika.

Kina mama wakapiga kelele. Mmoja akauliza kama ninazika mtu. Mwingine akasema kwake mawe ni kumi na mawili tu, nikimpotezea moja atanidai hadi mbinguni. Lakini wamekubali wote. Watayabeba Jumatano, sikukuu ya wanawake ya nchi yetu, kila mtu yupo nyumbani.

Kila mtu ila mimi. Wataalamu hawaachi kulala kwa sababu ya sikukuu.

Jumatano, 9 Agosti

Nilitoka alfajiri nakimbia, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nikampigia Pa kelele mlangoni: arobaini na tisa, Pa! Akasema amesikia, yeye si kiziwi.

Nimerudi jua linazama. Kutoka barabarani nimeliona. Duara! Jeupe, kubwa, limetimia kama — sijui, sijawahi kuona kitu cha kufananisha nacho. Nimelia pale pale barabarani. Mwanamke mzima.

Pa alikuwa amekaa kwenye kiti cha turubai, kofia usoni, kama mwenye shamba. Amenilaumu kwamba nilihesabu mawe vibaya. Hayakutosha kwa nusu mita, ikabidi ayaweke hatua nzima. Nikamwambia si kitu, Pa, si kitu, nikambusu kipara. Akanifukuza.

Usingizi sina. Furaha tupu.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimeharibikiwa.

Nimetoka kazini saa kumi na moja, nikapita uwanjani kufanya mazoezi. Nikaweka chungwa kwenye kigingi cha katikati. Nikaanza kutembea kuelekea kwenye mawe huku nikisema maneno yangu kwa sauti. Maneno yakaisha, mawe bado. Nikarudi. Nikahesabu hatua. Nikahesabu tena kwa kipimo cha Pa cha utepe.

Arobaini na tisa. Kutoka kigingini hadi kwenye mawe. Upande mmoja tu! Kwa upana wote ni tisini na nane.

Nimekaa juu ya jiwe la nani sijui. Ndiyo maana mawe hayakutosha. Nilifurahi mno hata sikufikiri.

Pa hakukosea kwa uzembe. Najua kichwa chake kinavyofanya kazi. Ukimwambia fundi wa waya zizi la duara na namba, anapiga kigingi, anakata waya wa namba hiyo, anazunguka nao. Namba ni waya. Kwake haina maana nyingine, na haijapata kuwa nayo kwa miaka hamsini.

Antie Sofie alikuwa anapita na toroli lake la kuni. Nikamweleza. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Nani atapima?"

"Mimi nimepima."

"Basi usipime tena! Kubwa ni kubwa, Katrien. Tena hili linapendeza zaidi."

Nitakuwa mkweli hapa, maana hapa hapasomwi na mtu: nilitaka kumsikiliza. Nilitaka sana. Linapendeza kweli. Na siku zimebaki mbili, na mgongo wangu ninaujua mwenyewe. Lakini chumba namba sita na chumba namba nane waligombana jioni nzima kwa ajili ya vipande vya vipande, na mimi nisimame mbele za watu niipe nyota mara mbili ya upana wake? Kwa ujazo ni mara nane, nimehesabu. Kazi yenyewe ninayoiomba ni kusema kweli. Nikianza na uongo siku ya usaili, nitamaliza na nini?

Na Pa sitaki kumwambia. Hilo nalo ni la kweli. Hakuna waya wa Pa uliowahi kuambiwa umepinda.

Halafu nikiwa njiani akili ikanijia. Nyota haiguswi. Nabadilisha jua! Duara limezidi mara mbili, basi na jua nalizidisha mara mbili. Sentimita kumi na nne. Nimekimbia dukani na rula. Kabichi — kubwa mno. Boga — limebonyea juu na chini, jua gani hilo. Mpira wa watoto hakuna. Nimerudi nyumbani nikatoa sufu ya kufumia, nikaanza kuviringa donge. Pa akanishikia kitita kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimshikia mama.

Akauliza ni ya nini. Nikasema soksi.

"Soksi za nani? Za tembo?"

Nimecheka naye. Donge limefika kumi na nne kamili. La manjano. Nimejisikia mwizi.

Ijumaa, 11 Agosti

Mdomo wa Sofie! Saa kumi na moja na nusu alfajiri amekuja kuazima sukari, akamkuta Pa, akampa pole. Pole ya nini? Ndipo alipofungua bomba.

Nilitoka chumbani nikamkuta Pa mezani, buti miguuni, lile donge la sufu mbele yake.

"Hili ndilo jua?"

Nikalisogeza pembeni.

"Umelivimbisha jua kwa ajili yangu, Trien. Unanifichia kosa kama mtoto aliyekojoa kitandani."

Nikamwambia kosa si lake, ni langu. Nilisema namba, sikusema ya nini. Nilikuwa na kiatu mkononi, nilikuwa na haraka. Akasema fundi anayepewa namba anauliza namba ya nini. Yeye hakuuliza, maana aliona ni kazi ya binti yake na nyota zake, si kazi ya kweli. Hiyo ndiyo iliyomuuma. Hakunitazama alipokuwa akisema.

Nikasema duara linafaa lilivyo, hesabu inakwenda sawa, sufu badala ya chungwa. Hakuna atakayejua.

"Mimi nimejua," akasema. Akachukua nyundo, akatoka.

Nilikwenda kazini. Ningefanya nini? Ruhusa yangu ni ya Jumamosi tu. Siku nzima nimetandika vitanda moyo uko uwanjani. Mzee yule na nyonga yake mbovu! Kila jiwe lina uzito wa mtoto mchanga, na barafu ya usiku imeyashika chini, mpaka uyapige teke ndipo yabanduke. Nimempigia Sofie simu nikiwa nje nyuma ya matangi ya gesi. Akasema Pa amemfukuza mara mbili. Hataki msaada. Anabeba moja moja.

Nimefika saa kumi na moja. Amehamisha themanini na nne. Themanini na nne, peke yake! Ameyapanga kwa utepe, mita ishirini na nne na nusu kutoka kigingini, jiwe kila nusu mita, kama nilivyoomba tangu mwanzo. Uso wake ulikuwa wa majivu. Sikumwambia aache. Nimeweka kibeti chini, nikainama, nikabeba. Hakunifukuza. Baadaye akaja Sofie na supu na mkate wa kuchoma juu ya makaa, na jiwe moja kwapani, akaomba msamaha kwa Pa akiwa bado amelikumbatia. Pa akamwambia aliweke mahali pake kwanza, msamaha utafuata.

Giza limetukuta na mia moja na sitini. Imebaki mia moja na arobaini, upande wote wa magharibi. Tukiamka saa kumi na moja tutamaliza. Lazima tumalize. Pa amelala na buti zake. Nimempaka dawa ya misuli nyongani, akapiga kelele, akalala. Ninampenda mzee huyu hadi ninakasirika.

Jumamosi, 12 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi. Barafu nene. Mawe hayabanduki, kama yamepigwa saruji. Tunatumia nyundo. Sofie analeta maji ya moto kwa birika. Tutachelewa. Naandika mistari hii Pa akipumua kidogo, kisha tunaendelea.

Saa tatu na nusu wamefika. Saa tatu na nusu! Nusu saa kabla. Gari jeupe, vumbi. Yamebaki mawe tisini. Upande mmoja wa duara uko karibu, mwingine uko mbali — mtu anayelitazama atadhani limechorwa na mlevi. Pa amepiga magoti, nyundo mkononi. Mimi nina matope hadi kiunoni, na gauni langu la usaili limetundikwa uzioni.

Sasa ni saa nne na nusu. Naandika nimesimama, daftari juu ya kigingi, kando ya chungwa. Nieleze upesi kabla hawajanirudia.

Pa aliniambia niende nikavae, yeye atawazuia na maneno. Nikamtazama. Mfukoni nilikuwa na chungwa, na kwenye kikapu lile donge la sufu. Bado ningeweza kuchagua. Sikwenda kuvaa. Niliwaendea vile vile na matope, nikawasalimia kwa sauti. Sauti yangu! Ilifika hadi barabarani. Bibi Swanepoel alirudi nyuma hatua moja.

Nikawaambia hivi: hili ni chungwa, na leo ni jua. Lile duara ni Moyo wa Nge, na bado halijakamilika, kwa sababu Jumatano nilisema namba nikasahau kusema ni ya nini. Huku ndiko ukingo wake wa kweli. Kule kwa mbali ndiko kosa langu. Nyota hii ina upana wa majua mia saba, si elfu moja na mia nne, na sitawaacha muondoke mkiamini vingine. Pa alinyanyua mkono aseme kosa ni lake. Nikamkatiza. Mbele za watu wote nikamkatiza baba yangu, Mungu anisamehe.

Yule bwana wa mlimani akatazama kule, akatazama huku. Akauliza sasa tunafanya nini.

Nikasema tunabeba.

Nikampa jiwe. Akalipokea! Yule dada wa manispaa akaweka simu yake kwenye gari, akaja. Bibi Swanepoel alisimama muda mrefu, viatu vyake vya ngozi vinang'aa, mkoba kifuani. Nilifikiri basi, ndiyo imekwisha, narudi kwenye soksi zangu. Kisha akampa Sofie mkoba.

Wanabeba mpaka sasa. Kila jiwe wanalileta kutoka mbali, hatua ishirini na nne na nusu, na kila jiwe ninawaambia jambo: kwamba ndani ya nyota hii yanaingia majua zaidi ya milioni mia tatu, kwamba imevimba kwa uzee, kwamba hata jua letu litavimba zamu yake ikifika. Hakuna aliyepiga miayo. Dakika zangu ishirini zimekwisha saa nne na dakika ishirini. Gari la Marvin limeegeshwa kando ya barabara, kompyuta yake magotini, anasubiri zamu yake. Hakuna aliyesema acha. Hakuna aliyesema endelea pia. Sijui. Nyuso zao hazisomeki, zimejaa jasho.

Yamebaki mawe ishirini na sita. Pa ndiye mkuu wa kazi sasa. Amekaa kwenye kiti cha turubai, anaelekeza kwa nyundo. Alfajiri, kabla hawajafika, aliniuliza swali lake la kwanza kuhusu nyota tangu nizaliwe: na dunia je, iko wapi? Nikahesabu hatua saba na nusu kutoka kwenye kigingi cha chungwa, ndani kabisa ya duara. Nikamwambia ni punje ya mchanga, moja tu. Alichagua punje mwenyewe, kwa vidole vile vinene, akaiweka juu ya ardhi iliyoganda, na tangu hapo hajaiondolea macho.

Bibi Swanepoel amesimama sasa hivi, jiwe mikononi, anahema, nywele zimemfunguka. Alikuwa anakata njia kupita katikati, hatua saba hivi kutoka kwenye chungwa. Anamuuliza Pa, kama nyota hii ingekaa mahali pa jua letu, sisi tungekuwa wapi?

Pa ameinuka kitini. Anamwambia asisogeze mguu.